Spika za Nyuma za Mama Mkwe

Mtaani kwetu wananiita Fyuzi. Wanaonijua kijuujuu wanadhani ni kwa sababu nina kibanda cha kutengeneza redio na televisheni, na fyuzi ndiyo kitu cha kwanza ninachokagua. Wanaonijua vizuri wanajua ni kwa sababu naungua haraka. Sibishi. Mtu akiniletea redio aliyoifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, halafu aniambie "ilijifungua tu," nitampa maneno ambayo hatapenda mama yake ayasikie. Lakini yuko mtu mmoja ambaye mbele yake sijawahi kupandisha sauti hata siku moja, naye ni mama mkwe wangu.

Huyu mama alikuwa opereta wa simu. Miaka thelathini na moja alikaa mbele ya ubao wa simu wa hospitali kubwa, na kila aliyepiga kumuulizia mgonjwa wake aliisikia kwanza sauti yake. "Usikate, nakuunganisha." Mke wangu anasema alipokuwa mdogo aliamini hayo ndiyo maneno ya kuagana dunia nzima. Mama alimjua daktari kwa kikohozi chake, na mkuu wa maabara kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza nilipopiga simu kwao kumtafuta binti yake, nilibana pua nikajifanya mwalimu wa shule. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Na yule kijana anayepiga mluzi chini ya dirisha letu kila jioni, mwambie ajifunze wimbo mwingine, huu umetuchosha." Nilikata simu, jasho linanitiririka.

Baba mkwe naye alikuwa mtunza stoo wa hospitali hiyohiyo. Walipendana kwa simu, yeye akipiga kuulizia mizigo ambayo, nasikia, mingine haikuwepo kabisa. Ni mzee wa vitu na idadi. Hawezi kukwambia "karibu chakula." Atakwambia, "Sahani sita, vijiko sita, mabakuli mawili, karibu." Alipoletewa mjukuu wake wa kwanza kumpakata, alimgeuza huku na huku akasema, "Vidole ishirini. Mzima." Ndivyo alivyo, na ukimzoea unamwona ana mapenzi tele, ila yamepangwa kwenye rafu.

Hawa wawili walikuwa na saa yao. Jumapili saa kumi alasiri, filamu. Mama alipostaafu, watoto walichanga wakawanunulia hom thieta: mtambo wenyewe, sabufa la kuweka sakafuni, na spika tano ndogo nyeusi, tatu za mbele na mbili za nyuma. Wakati huo hakuna aliyezijali hizo za nyuma. Mwaka paa lilipovuja, maji yalishuka ukutani yakaziingia zote mbili zikafa, na tukasema si neno, picha si inaonekana?

Kisha macho ya mama yakaharibika. Presha ya macho, walisema hospitali, na walisema wakati imeshachelewa. Alianza kuona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, halafu tundu lenyewe likazibwa. Mama hakulia mbele yetu. Alijifunza nyumba upya kwa mikono, akahesabu hatua kutoka kitandani mpaka bafuni, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa anamenya vitunguu haraka kuliko mimi mwenye macho mawili. Filamu ndiyo iliyomshinda.

Si kwamba mzee hakujaribu. Alimsimulia. Nilikuwepo Jumapili moja nikashuhudia kwa masikio yangu.

"Chumba, kimoja," mzee alisema, macho kwenye skrini. "Meza, moja. Viti, vinne. Kimoja kimevunjika mguu."

"Na watu?" mama akauliza.

"Wanaume, wawili. Mwanamke, mmoja. Koti, moja, limetundikwa."

"Huyo mwanamke anafanya nini?"

"Amesimama."

"Uso wake ukoje, mume wangu?"

Mzee alisogea mbele kwenye kiti, akakaza macho, akatafuta kweli kweli. Nilimwonea huruma.

"Uso upo," akasema.

Mke wangu alikimbilia jikoni kucheka. Mama hakucheka. Alipapasa mkono wa kiti, kisha akasema, kwa ile sauti yake ya ubaoni, laini, isiyolaumu mtu: "Wote wamesimama pale mbele wamebanana kama wako kwenye lifti. Sijui nani kaingia, nani katoka. Endelea tu, mwenzangu. Mimi nakwenda kujinyoosha." Akaenda chumbani akafunga mlango. Jumapili iliyofuata hakuja sebuleni kabisa.

Wiki ya nne mzee alikuja kibandani kwangu. Hajawahi kuja kibandani kwangu. Aliangalia rafu, nikajua anahesabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Redio, kumi na saba," akasema. "Zinazofanya kazi?"

"Tatu, baba."

"Hm." Akakaa kwenye stuli ya wateja, kofia magotini. "Mkwe wangu, mama yenu amesema televisheni ichukuliwe. Mwisho wa mwezi dada yake mkeo anakuja kuibeba, na huo mtambo pia. Amesema havina kazi."

"Na wewe baba umesemaje?"

"Nimesema sawa. Ningesemaje?" Akazungusha kofia. "Jumapili naiwasha. Naangalia peke yangu. Naangalia na nasema vitu kwa sauti, na hakuna mtu." "Nirudishie mwenzangu sebuleni. Wewe ni fundi."

Jamani! Mimi watu wananiambia nirudishe sauti, nirudishe picha, nirudishe chaneli. Hilo sikuwahi kuagizwa. Na kwa sababu sijui kulia vizuri, nikamfokea mteja wa watu aliyekuwa anapita tu barabarani.

Lakini akilini taa ilikuwa imeshawaka. Wamebanana kama wako kwenye lifti. Mama alikuwa amenipa jibu mwenyewe. Sauti zote zilitoka mbele kwa sababu za nyuma zilikuwa zimekufa, na mtu asiyeona anahitaji za nyuma kuliko sisi sote. Kwenye filamu iliyorekodiwa vizuri, mtu akipita pembeni, hatua zake zinatoka spika ya mbele zinakwenda ya nyuma. Mama angemsikia akipita. Angejua ameingia kwa mlango upi.

Nikaenda dukani. Kijana wa pale, mwenye kadi shingoni, akaniambia spika za muundo ule hazitengenezwi tena, na hazikuwahi kuuzwa mbili mbili. Ninunue seti nzima mpya. Akanitajia bei yake akitabasamu. Nikamuuliza anatabasamia nini. Tuliachana vibaya.

Basi nikafanya ufundi. Kwenye rundo langu kulikuwa na redio kubwa iliyokufa mtambo, spika zake mbili nzima. Nikazing'oa, nikazitengenezea visanduku vya mbao, nikafunga waya mpya. Zilipiga. Zilipiga vizuri tu, mlango wa kibanda ulitetema. Tatizo lilikuwa moja: zilikuwa kubwa, za rangi ya kahawia, na hazikufanana hata kidogo na zile ndogo nyeusi za mbele.

"Zitaharibu sebule ya mama," nilimwambia mke wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani, na kwake hakuna tatizo ambalo kitambaa hakiwezi kulimaliza. "Lete vipimo," akasema. Akatafuta kitambaa cha kijivu, chepesi, cha kupitisha sauti, akashona mifuko mitano ya saizi moja, akazivisha spika zote tano, mbele na nyuma, na pindo moja, na mshono mmoja. Tulipozipachika ukutani Jumapili iliyofuata zilipendeza kuliko za dukani. Tulirudi nyuma hatua tatu tukaziangalia, mkono kiunoni, kama watu waliomaliza kujenga daraja.

"Zimefanana kabisa," mke wangu akasema.

"Pacha," nikasema.

Baba mkwe alikagua. "Spika, tano. Za kijivu," akasema, na nikamwona anavuta kiti cha mama karibu na chake. Akaenda kugonga mlango wa chumbani. Hatukusikia alichosema, lakini mama alitoka, ameshika mkono wake, kitambaa chake cha bluu kichwani, akakaa.

Filamu ilikuwa ya mpelelezi mmoja mwenye buti nzito, iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Dakika ya tatu mpelelezi akaingia chumbani kwa mshukiwa. Hatua zikaanza kushoto mbele, ko, ko, ko. Mama akainua kichwa. Hatua zikapita ubavuni kwetu zikaenda nyuma, du, du, du, na mpelelezi akasema kutoka nyuma ya vichwa vyetu, "Usiku ule ulikuwa wapi?"

Nilikuwa namwangalia mama tu. Nilikuwa nasubiri atabasamu, nimeshaandaa na maneno ya unyenyekevu.

"Huyu mwingine ni nani?" akauliza.

"Yupi, mama?"

"Aliyeingia kwa nyuma. Mnene. Na yule wa kwanza ameishia wapi?"

"Ni huyohuyo mama, mpelelezi."

"Thubutu," mama akasema kwa upole. "Yule wa mbele kifua chake chepesi. Huyu wa nyuma anaongea ndani ya pipa."

Nikaongeza sauti. Nikapunguza sauti. Nikabadilisha waya. Nikaingiza jaribio la mtambo, ile sauti ya kuvuma inayozunguka spika moja baada ya nyingine, na hapo hata mimi mwenye masikio ya kibandani nikasikia: mbele shiii, shiii, shiii, nyuma vuuu, vuuu. Nilikuwa nimezijaribu kibandani, ndiyo, lakini nilizijaribu hizo mbili peke yake, sikuziweka pamoja na za mbele. Fundi wa miaka ishirini na mbili!

"Umejitahidi, mwanangu," mama akasema, akinyanyuka. Alipapasa ukutani akafika kwenye spika ya nyuma, akaushika ule mfuko wa kitambaa, akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho. "Nani ameshona? Mshono mzuri. Zote mmezivisha hivi?"

"Zote, mama," mke wangu akajibu. "Ili zifanane."

"Zinafanana," mama akasema. "Hazilingani." Akarudi chumbani, na mlango ukafungwa.

Tulibaki tumesimama. Mke wangu akaniangalia. "Baba watoto," akaniuliza polepole, "tulizifananisha kwa ajili ya nani?"

Haki ya Mungu, tulicheka. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Watu wazima wawili, mafundi wawili, tumekesha na vipimo vya pindo ili spika zipendeze machoni mwa mtu asiyeona! Halafu nikamwona mzee. Alikuwa ameketi mbele ya picha iliyosimama, amekirudisha kiti cha mama mahali pake pa zamani. Kicheko kikaniishia. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe.

Kulingana, basi. Nilihitaji spika za mtambo uleule, muundo uleule, zilizotoka kiwanda kimoja na zile za mbele. Za dukani hazipo. Lakini hom thieta ikifa, kinachokufa ni mtambo. Spika hubaki nzima, na wenyewe hutupa vyote pamoja. Kwa hiyo sikuhitaji hom thieta nzima, nilihitaji iliyokufa. Nikauliza mafundi wote ninaowajua. Nikauliza wakusanya vyuma. Siku ya tano nilikuwa nimebakiza fundi mmoja tu, na huyo tulikuwa hatusemezani miaka miwili.

Yeye wanamwita Njoo Kesho, na sina haja ya kueleza kwa nini. Kibanda chake kiko mwisho wa barabara yetu. Ugomvi wetu ulikuwa hivi: mteja mmoja aliniletea televisheni, nikamwambia imekufa, akanunue nyingine. Akaipeleka kwa Njoo Kesho. Njoo Kesho akabadilisha fyuzi, ikawaka. Fyuzi! Akatangaza mtaa mzima kwamba Fyuzi kashindwa na fyuzi. Sasa umejua kwa nini siku hizi ndiyo kitu cha kwanza ninachokagua.

Nilipita mbele ya kibanda chake mara mbili nikijifanya naenda mahali. Mara ya tatu akasema bila kuinua kichwa, "Ingia, utachakaza barabara."

Nikaingia. Nikamwambia ninachotafuta. Nikamtajia namba ya muundo.

"Ipo," akasema. "Mwenyewe alihama akaniachia. Mtambo umeungua, spika sijazigusa." Akainama kwenye kazi yake. "Njoo kesho."

"Kesho nini?" Nikawaka. "Nimechukua miaka miwili kufika leo, halafu unaniambia kesho?"

Wateja wake watatu waliokuwa kwenye benchi wakageuka kunitazama. Njoo Kesho akaweka chini pasi yake ya kulehemu, akakunja mikono. Alikuwa anafurahia, mshenzi yule.

"Ile televisheni ya yule bwana," akasema. "Nani aliitengeneza?"

Hapo ningeweza kuondoka. Siku nyingine yoyote ningeondoka, na ningeondoka na benchi lake. Nikamkumbuka mzee na kofia yake magotini, anasema vitu kwa sauti na hakuna mtu.

"Wewe," nikasema.

"Hawa hawajasikia."

"Wewe! Wewe ndiye uliyeitengeneza! Ilikuwa fyuzi na mimi sikuiona! Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema, na akaingia nyuma akatoka na boksi lenye vumbi. "Ni za nani, za haraka hivi?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa kifupi, lakini nilipofika kwenye "uso upo" alikuwa ameacha kutabasamu. Alifungua boksi mwenyewe, akazifuta spika zote kwa shati lake. Namba ya mgongoni ileile, tarakimu kwa tarakimu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema nimpe zile mbili kubwa za redio nilizozing'oa, zitamfaa. "Na ile mifuko ya kijivu," akaongeza. "Nasikia imeshonwa vizuri." Habari mtaani kwetu hazihitaji waya.

Jumapili iliyofuata nilifika kwa wakwe saa nane. Safari hii sikupachika kwanza. Nilienda kubisha mlango wa chumbani.

"Mama, samahani. Nahitaji opereta."

Sauti ikatoka ndani, "Opereta amestaafu."

"Mimi nina laini mbili mpya za nyuma, mama, na sijui kama zimeungana. Masikio yangu si ya kazi hiyo. Niliaibika wiki iliyopita, usiniache nirudie."

Nilisikia kitanda kikilia. Mlango ukafunguka kidogo. "Kiti changu kiko wapi?" akauliza.

Mzee alikuwa ameshakishika. Mama akakaa, akajiweka sawa, mgongo wima, mikono miwili juu ya magoti. Nikapandisha spika ukutani kwa mkono tu, bila misumari, nikawasha ile sauti ya kuvuma. Shiii mbele kushoto, shiii katikati, shiii mbele kulia, ikapita nyuma. Shiii. Shiii.

"Rudia," mama akasema.

Ikazunguka tena.

"Wa nyuma kulia yuko mbali. Mlete."

Nikashuka kwenye ngazi, nikasogeza, nikapanda. Mke wangu alishika ya upande wa pili.

"Wa kushoto ananiongelea kisogoni. Mshushe. Bado. Bado, mwanangu, usiwe na haraka, simu haikatiki. Hapo! Usimtikise." Akainua kidole kimoja, akakizungusha hewani pamoja na sauti, kushoto, mbele, kulia, nyuma, kushoto, na kidole hakikukwama popote. Duru tano, duru sita. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu macho yalipoondoka. Nilikuwa juu ya ngazi nimekumbatia ukuta, na nakiri kwamba machozi yalinitoka, vumbi la dari nalo likasaidia.

"Laini safi," mama akasema. "Pigilia misumari."

Saa kumi mzee aliweka filamu ileile ya mpelelezi. Nilitaka kuondoka nisije nikaonekana nasubiri sifa, lakini mke wangu alinivuta shati nikakaa. Dakika ya tatu, buti. Ko, ko, ko mbele kushoto. Kichwa cha mama kikageuka kidogo. Hatua zikapita ubavuni, ko, ko, ko, na kichwa kikazifuata taratibu mpaka kidevu kikagusa bega, na kutoka nyuma yetu mpelelezi akauliza, "Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Ni yeye," mama akasema. "Amesimama pale, karibu na kabati la vyombo."

"Hakuna kabati kwenye filamu," mzee akasema.

"Kabati letu, mzee. Amesimama karibu na kabati letu." Akacheka kwa sauti. "Na huyo mshukiwa ana wasiwasi, anakwaruza meza kwa kucha, kulia. Ndiye muuaji huyo."

"Meza, moja," mzee akakubali.

Hivyo wakaenda. Safari hii mama ndiye aliyesimulia, nani ameingia, nani amejificha, gari limesimama upande gani, na mzee akawa anamhakikishia idadi. Nilikuwa nawasikiliza wao zaidi ya filamu. Ilipofika sehemu mpelelezi anatembea peke yake kwenye uwanja mtupu, mvua inanyesha pande zote nne za sebule, mzee akanyamaza. Mvua ikaendelea. Hakusema hata "mvua, moja."

"Umelala?" mama akauliza.

"Sijalala."

"Basi unaona nini?"

"Mwanamke," mzee akasema, "mmoja."

Mama akakunja uso. "Mwanamke gani? Mimi nasikia buti za mwanamume na mvua. Hapo hapana mwanamke."

Nikaangalia skrini. Kweli hapakuwa na mwanamke. Nikamwangalia mzee, nikaona hatazami skrini.

"Kiti, kimoja," akasema. "Kitambaa cha kichwa, kimoja. Cha bluu."

Mkono wa mama ulipanda polepole ukagusa kitambaa chake, ukabaki hapohapo. Mke wangu alinibana vidole mpaka vikauma.

"Na uso wake?" mama akauliza. "Upo?"

Mtunza stoo alichukua muda wake. Aliangalia vizuri, kama mtu anayejua kwamba akikosea safari hii hakuna wa kumsahihishia.

"Upo," akasema. "Unacheka."